Pourtalesia, Nungu wa Vilindi Asiye wa Kale



Nimeombwa nizungumzie nungu wa bahari, na najua wengi wenu mlimjua kwa nyayo kabla ya kumjua kwa macho. Yule mweusi mwenye miiba mirefu, anayejibanza kwenye miamba na kuwaadhibu wapekuzi wa pweza maji yakipwa, hahitaji kutambulishwa mahali hapa. Leo nitamwacha huko huko mwambani. Nataka tuteremke hadi kusikofika jua, tukamtazame ndugu yake ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumkanyaga wala atakayemkanyaga. Wataalamu wanamwita Pourtalesia. Hilo ni jina la jenasi, yaani la spishi kadhaa zenye nasaba moja, na zote huishi kwenye tope la bahari kuu, kuanzia meta mia kadhaa hadi zaidi ya meta 7,000 chini ya uso wa maji.

Tuanze na umbo lake, maana hapo ndipo ubishi wote ulipozaliwa. Mchukue nungu wa mwambani, mkaushe, mpukutishe miiba. Kinachobaki ni gamba la mviringo lililojengwa kwa vigae vidogo vidogo, vilivyopangwa kwa safu kutoka utosini hadi mdomoni. Safu tano zina matundu ya kutokezea vijiguu laini, na tano nyingine, zilizo katikati ya hizo, hazina. Mdomo uko chini, katikati, na ndani yake mna taya zenye meno matano ya kukwangulia mwani kwenye mawe. Njia ya haja iko juu utosini. Mzungushe utakavyo, hana mbele wala nyuma. Upande wowote anaoamua kwenda ndiyo mbele yake kwa siku hiyo.

Pourtalesia hafuati hata kanuni moja katika hizo. Ana umbo la chupa iliyolazwa. Ana mbele na nyuma, mgongo na tumbo, kulia na kushoto. Mdomo umehama kutoka katikati ya tumbo ukaenda mwisho wa mbele, na kule umeingia ndani ya shimo lililobonyea kwenye gamba lenyewe. Nyuma, gamba linachongoka na kuwa mkonga mfupi, na njia ya haja imeshuka kutoka utosini ikakaa juu ya mkonga huo. Taya hana. Meno hana. Jamaa zake wanaofukua mchanga wa maji mafupi huwa na vijiguu maalumu vya kupumulia, vilivyopangwa mgongoni kwa mfano wa petali za ua. Yeye petali hizo hana. Miiba yake ni myembamba na mifupi, haimtishi mtu. Gamba lenyewe ni jembamba kama kaka la yai, ndiyo maana vielelezo vingi vilivyomo katika makumbusho ya dunia ni vipande tu. Wavu ulivua mnyama, ukapandisha vigae.

Ukikutana na kiumbe kama huyu kwa mara ya kwanza, swali la kwanza si "anaishije?" bali "huyu ni nani?" Na swali hilo lilipoulizwa, katika miaka ya 1860, lilikuwa na uzito usiotokana na nungu peke yake.

Marekani ilikuwa inataka kulaza waya wa telegrafu kati ya Key West, kule Florida, na Havana nchini Cuba. Waya haulazwi gizani. Lazima kwanza kina kipimwe na sakafu ijulikane ni mwamba au tope. Kazi hiyo ilikuwa ya idara ya serikali ya kupima pwani, na miongoni mwa maofisa wake alikuwamo Louis François de Pourtalès, mzaliwa wa Neuchâtel, Uswisi, wa mwaka 1824, aliyevuka Atlantiki akimfuata mwalimu wake, Louis Agassiz. Kati ya 1867 na 1869, kwanza kwa meli ya Corwin kisha kwa Bibb, Pourtalès hakutosheka kushusha bildi ya kupimia kina. Alishusha pia wavu wa kukokota. Waya ulikuwa sababu ya safari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye tope.

Ni vizuri kukumbuka kwamba wakati ule wasomi wengi wa Ulaya bado walikuwa wakimwamini Edward Forbes, mwanasayansi wa Uingereza ambaye katika miaka ya 1840 alifundisha kuwa viumbe hupungua kadiri kina kinavyoongezeka, na kwamba chini ya fathomu 300 hivi, yaani karibu meta 550, uhai unakoma. Hakuwa mjinga. Alikuwa amevua katika Bahari ya Aegean, ambako vilindi vina viumbe haba kweli, akaipima dunia nzima kwa bahari moja. Nyavu za Pourtalès zilikuwa miongoni mwa zilizoipindua hesabu hiyo. Na mwaka 1869 Alexander Agassiz, mtoto wa yule mwalimu, alichukua nungu mmoja wa ajabu kutoka Mlangobahari wa Florida akampa jina la rafiki wa familia: Pourtalesia miranda.

Hapa kuna watu watatu, na nawaomba msiwachanganye. Pourtalès ndiye mvuaji. Alexander ndiye aliyetoa jina. Huyu ni mtu aliyetajirika kwa migodi ya shaba ya Michigan, kisha akatumia utajiri huo kugharimia makumbusho ya wanyama ya Harvard na safari zake za baharini. Wa tatu ni baba, Louis Agassiz, mwanazuoni mashuhuri kupita wote katika Marekani ya siku zake. Huyu hakumkubali Darwin hadi anaingia kaburini. Ni yeye pia aliyetumia heshima ya usomi wake kudai kwamba watu weusi na weupe waliumbwa mbalimbali, na mwaka 1850 aliagiza wanaume na wanawake watumwa wa South Carolina wavuliwe nguo wapigwe picha ili apate "ushahidi". Silitaji jambo hili kwa kupotea njia. Mtu anayeamini kwamba kila kiumbe kiliumbwa mahali pake na hakibadiliki atakitazama kilindi kwa namna ya pekee.

Alikitazama hivi. Desemba 1871, karibu na kuanza kwa safari ya meli ya Hassler kuelekea Amerika ya Kusini, ambayo Pourtalès naye alikuwamo, Louis Agassiz alimwandikia barua mkuu wa idara ya upimaji, Benjamin Peirce, akatabiri nini kitapatikana vilindini. Hoja yake ilikuwa kwamba hali ya kilindi cha leo inafanana na ya bahari za zama za kale, kwa hiyo huko chini watakutwa wanyama wa mtindo wa kale, jamaa wa wale tunaowajua kwa visukuku tu. Akatangaza ubashiri wake hadharani, kabla ya nyavu kushuka. Kwa ujasiri huo namheshimu, hata kama sina heshima kwa mengine. Msomi anayeandika utabiri wake kabla ya kuona jibu ni adimu hata leo.

Hakuwa peke yake. Huko Uingereza, Charles Wyville Thomson, aliyevua kwa meli ya Porcupine mwaka 1869, aliona tope jeupe la Atlantiki na kulilinganisha na miamba ya chaki ya Ulaya, akaona kama kwamba bahari ya chaki haijawahi kukoma: inaendelea kutengenezwa chini ya miguu yetu. Porcupine ilipandisha pia Pourtalesia wa kaskazini, kutoka maji ya baridi kali upande wa visiwa vya Faroe, na Thomson akampa jina la mwenzake, John Gwyn Jeffreys, mtaalamu wa konokono na chaza. Na hapa ndipo chupa yetu ilipoingia kwenye ubishi. Nungu wa kundi analotoka Pourtalesia, linaloitwa Holasteroida, walikuwa wengi mno katika bahari za Kretasi, zama za kale chaki hiyo ilipotengenezwa. Machimbo ya chaki ya Uingereza na Ufaransa yamejaa magamba yao. Leo karibu wote waliosalia wako kwenye maji ya kina kirefu. Basi si mnaona? Mzee aliyefukuzwa barazani amejificha chumba cha ndani. Ilionekana kana kwamba utabiri umetimia.

Meli ya Challenger ikazunguka dunia kuanzia 1872 hadi 1876, na nungu wake wote wakapelekwa kwa Alexander Agassiz, aliyechapisha ripoti yake mwaka 1881. Kulikuwa na Pourtalesia wapya, na wengine waliofanana naye ambao baadaye walipewa jenasi zao wenyewe. Lakini wale wanyama tunaowajua kwa visukuku tu, kama trilobiti, hawakupatikana. Waliopatikana zaidi walikuwa wanyama wa ajabu kwa namna ambayo visukuku havikuwa vimeidokeza.

Aliyemsoma mnyama huyu kwa makini kuliko wote hakuwa mmoja wa wavuaji hao. Ni Sven Lovén wa Stockholm, mzee aliyekuwa amebuni njia ya kuzipa namba safu za gamba la nungu yeyote: za matundu kwa namba za Kirumi, zisizo na matundu kwa tarakimu za kawaida, kila moja mahali pake pasipobadilika. Njia hiyo inatumika mpaka leo. Mwaka 1883 alichapisha kitabu kizima juu ya jenasi hii moja. Alihesabu kigae kimoja kimoja. Akaonyesha kwamba ndani ya ile chupa safu kumi zote zipo, hakuna iliyopotea, ila zimevutwa, zimebanwa na kukatwa. Utosini, vigae ambavyo kwa nungu wengine hukaa pamoja vimetenganishwa, vingine mbele na vingine nyuma. Tumboni, safu ya nyuma imekatika: kigae cha kwanza kimebaki mdomoni peke yake, na vigae vya safu za jirani vimepita katikati vikakutana. Kwa nungu wa kawaida jambo hilo ni sawa na mwiko.

Nadhani kazi ya Lovén inatuambia zaidi ya yeye mwenyewe alivyotaka kusema. Mabaki ya kale hayawi hivi. Kama Pourtalesia angekuwa mzee wa Kretasi aliyehifadhiwa, gamba lake lingefanana na yale ya kwenye chaki: mviringo au mfano wa moyo, vigae vimetulia mahali pake. Badala yake tunaona mpango wa zamani uliopindwa hadi karibu kuvunjika. Huyu ni mjukuu aliyebadilika kuliko babu zake, si babu aliyesahauliwa. Katika karne ya 20 watafiti, Bruno David wa Ufaransa akiwa mstari wa mbele, walirudia kuvihesabu vigae hivyo katika spishi nyingi na kuonyesha jinsi mvutano huo ulivyozidi kutoka jenasi moja hadi nyingine.

Kwa nini apindike? Jibu liko kwenye chakula. Huko chini hakuna mwani, kwa kuwa hakuna mwanga. Kinachofika ni mabaki: vijimea vilivyokufa juu, vinyesi vya vijidudu, makamasi ya wanyama, vikishuka polepole. Katika yote yanayozalishwa juu, asilimia chache sana, moja au mbili, hufika kwenye vilindi vikuu. Mabaki hayo yanatapakaa kwenye tope, na anayeyataka lazima ameze tope lenyewe, kwa wingi, mchana na usiku, ingawa huko hakuna mchana. Meno ya nini? Kinachohitajika ni mdomo unaoelekea mbele, mwili unaopenya, na utumbo mrefu. Mwili wenye mbele na nyuma unapasua tope kwa urahisi kuliko tufe. Na kwa kuwa maji ni baridi na mwili unaishi polepole, hewa kidogo inatosha. Petali za kupumulia zikaachwa. Nyuma kuna mkanda wa vijimwiba vidogo vyenye vinyweleo, unaosukuma maji na kuondoa uchafu.

Hata huko nyuma, penye uchafu, pana mpangaji. Mwaka 2012 Graham Oliver alieleza chaza mdogo mpya, Syssitomya pourtalesiana, aliyekutwa katikati ya Atlantiki, kwenye kina cha meta 2,500 hivi, akiishi kwenye miiba iliyo karibu na njia ya haja ya Pourtalesia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba matamvua ya chaza huyo yana bakteria wanaoshirikiana naye. Nungu anakula tope, chaza anakaa mlangoni pa nungu, bakteria wanakaa ndani ya chaza. Kilindi hakina nafasi ya kupoteza kitu.

Kuna shida nyingine inayonishangaza kuliko njaa. Gamba la nungu ni la chokaa. Chokaa huyeyuka kwenye maji ya baridi yenye kaboni dayoksaidi nyingi na mgandamizo mkubwa, na chini ya meta 4,000 au 5,000, kutegemea bahari, magamba ya viumbe waliokufa huisha kabisa kabla ya kufukiwa. Pourtalesia anajenga nyumba ya chokaa mahali ambapo chokaa haidumu. Siri ni ngozi: gamba la nungu limefunikwa na ngozi hai, na analijenga upya maadamu yu hai. Akifa, maji yanalichukua. Mwaka 1978 Alexander Mironov wa Moscow alimtangaza Pourtalesia heptneri, aliyevuliwa na meli ya Kisovieti Vityaz katika Mfereji wa Banda, Indonesia, kwenye meta 7,340. Ndicho kina kikubwa kuliko vyote kwa nungu wa bahari. Majongoo bahari huteremka zaidi, hadi kupita meta 10,000, lakini jongoo hana gamba la kulipia.

Sasa turudi kwenye umri, kwa sababu jibu lilichelewa mno. Gamba jembamba linaloyeyuka haliachi visukuku vingi, hivyo haikuwezekana kuchimba tu na kuhesabu miaka. Mwaka 2005 Andrew Smith na Bruce Stockley wa makumbusho ya historia ya maumbile ya London waliunganisha visukuku na nasaba za nungu wanaoishi leo, wakauliza kila ukoo uliingia kilindini lini. Waligundua kwamba koo nyingi za wala tope zilihamia huko katika kipindi kimoja, kati ya miaka milioni 75 na 55 iliyopita, na wakahusisha uhamaji huo na kuongezeka kwa chakula kilichokuwa kikishuka kutoka juu. Hawakukimbilia kilindini kujificha. Walifuata riziki, na walipofika wakabadilika.

Mtu ataniuliza: na yule samaki wa Tanga? Swali zuri. Silakanti alidhaniwa ametoweka pamoja na dinosauria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Akapatikana Malindi mwaka 2001, na kuanzia 2003 wavuvi wa Tanga wamempandisha mara nyingi, mpaka ikatengwa hifadhi kwa ajili yake. Huyo ndiye kiumbe ambaye Louis Agassiz alikuwa akimwota. Lakini angalieni anakoishi: kwenye mapango ya mteremko, meta mia moja hadi mia chache, si kwenye vilindi vikuu. Utabiri ulikuwa na chembe ya kweli, ila ulikosea mtaa.

Wala kilindi si mahali palipolala. Nje ya pwani ya California, kwenye kina cha takriban meta 4,000, kamera zimekuwa zikipiga picha sakafu ile ile tangu 1989. Humo anaonekana Echinocrepis, jamaa wa karibu wa Pourtalesia, akitambaa na kuacha njia yake kwenye tope. Henry Ruhl na Kenneth Smith walionyesha mwaka 2004 kwamba idadi ya wanyama wa pale hupanda na kushuka kufuatana na chakula kinachoshuka, na chakula hicho hufuata mabadiliko ya hali ya hewa ya Pasifiki, El Niño ikiwamo. Mvua ikibadilika juu, nungu wa chini anajua.

Na bahari yetu? Imepekuliwa kidogo, na mara nyingi na wageni waliokuwa wakipita. Meli ya Kijerumani Valdivia ilifika Dar es Salaam mwaka 1899, na nungu wake wakaelezwa Ujerumani na Ludwig Döderlein. Mwaka 1933 na 1934 meli ya Kimisri Mabahiss, mabaharia wake wengi wakiwa Wamisri, ilivua kutoka Bahari ya Arabuni hadi Zanzibar na Mombasa; nungu wake walimwendea Theodor Mortensen, Copenhagen. Upande wa India, René Koehler alimtangaza Pourtalesia alcocki mwaka 1914, kwa jina la Alfred Alcock, daktari aliyekuwa mwanasayansi wa meli ya Investigator. Vielelezo vyote hivyo viko mbali na hapa, na ripoti zake ziko kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa.

Lakini si kweli kwamba sasa hatuna njia ya kufika huko. Nje ya Lindi na Mtwara gesi imetafutwa kwenye maji yenye kina cha zaidi ya meta 2,000, na kisima hakichimbwi kwenye kina hicho bila roboti zenye kamera kuikagua sakafu. Pourtalesia alijulikana kwa sababu mpimaji wa njia ya waya alikubali kutazama kilichokwama kwenye wavu. Picha za wapimaji wa gesi ni wavu wa aina hiyo, na hauvunji gamba la mtu. Nawaomba wenye mamlaka waweke sharti kwamba kila saa ya picha za sakafu ya bahari yetu ikabidhiwe kwa watafiti wa bahari wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa. Na ninyi wanafunzi msingoje tangazo la ajira: zikifunguliwa tu picha hizo, kaeni chini mzitazame.